Raba niliyoishona mwenyewe: yaliyonikuta nilipoanza mbio za asubuhi uzeeni, hapa Makindye

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu marahaba hata kama hamjasalimia.

Mimi ni fundi cherehani, mzee, naishi Makindye hapa Kampala. Shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo mkiona sentensi imepinda mnyooshe wenyewe mkisoma. Ninachowaletea hakina chumvi. Mguu wenyewe uko hapa juu ya kigoda nikiandika, na hauna sababu ya kunisaidia kudanganya.

Nimeona humu mnaulizana habari za kukimbia. Nani anunue raba gani, nani amepunguza kitambi. Wote mnasifia tu. Nikasema acha na mimi nitoe yangu.

Ilianza na sugar.

Nilikuwa naamka kukojoa mpaka mama watoto akaniuliza kama nimeoa choo. Nikaenda kliniki. Sista akanitoboa kidole, akatazama kimashine chake, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii ni sukali. Inatosha chai ya watu yote hapa."

Akanipa vidonge, akasema nipunguze matooke na posho, yaani ndizi za kupika na ugali, nitembee au nikimbie polepole kila asubuhi. Nikiwa mlangoni akaniita tena. "Na miguu uchunge sana, ssebo. Watu ya sukali wanapotezaga miguu."

Hilo la mwisho ndilo lililoniingia. Wakuu, cherehani yangu ni ya kukanyaga. Macho yakififia nitavaa miwani. Mikono ikitetemeka nitashona mapazia. Lakini bila mguu wa kulia mimi si fundi, ni mzee aliyekaa karibu na mashine.

Kwa hiyo nilikimbia ili nibaki na mguu. Hilo mlishike.

Sasa nitoke nje ya barabara kidogo.

Nilivuka mpaka pale Busia kuja huku baada ya vita vya themanini na sita, nikiwa kijana. Madirisha mengi ya mjini yalikuwa maboksi, na watu walikuwa wamevaa nguo zilezile muda mrefu, basi fundi alikuwa mtu wa maana. Shida ilikuwa mdomo. Luganda sikukijua, na Kiingereza kiliniacha hukohuko darasa la nne. Nikisema Kiswahili dukani, watu wananyamaza. Huku Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki. Kuna mama wa nyanya aliwahi kunijazia mfuko kabla sijauliza bei, akarudi nyuma, mikono imeinuka hivi. Mimi nina futi ya kupimia shingoni tu, wakuu!

Ndipo nikampata Sajini. Jina lake naliacha. Ni mtu wa kaskazini, alikuwa askari kwenye kambi ya hapa. Alileta suruali nimpunguzie kiuno, tukaongea Kiswahili mpaka suruali tukaisahau. Tangu siku hiyo ni ndugu yangu. Watoto wangu wanamwita baba mkubwa.

Naona kuna mmoja ameshaandika "mzee fupisha". Kijana, mimi mbio nimeachishwa, sina haraka tena.

Haya. Sajini alishastaafu, lakini kila asubuhi alikuwa anakimbia kama bado yuko jeshini. Mchakamchaka wa mtu mmoja. Anaimba mwenyewe, anajiitikia mwenyewe. Nikaenda kumsubiri kwenye ukuta wa kambi.

"Afande, nimekuja."

Akanitazama chini. "Na kandambili?"

"Ndizo nilizo nazo."

"Sawa. Leo tutakimbia na kandambili. Kesho utajifunza aibu."

Tulipofika kwa muuza chapati nilishika nguzo ya umeme nikatapika chai yote. Sajini ananizunguka anarukaruka. "Songa, Fundi! Unakufa kama raia!"

Na huku kwetu mzee akikimbia, watu hawafikirii mazoezi. Siku ile vijana wa bodaboda waliniuliza, "Mzee, nani amekuibia?" Mmoja akawasha pikipiki kabisa, anipeleke tumshike. Nilishindwa kumjibu, pumzi haikuwepo. Akaniacha akasema mwizi atakuwa ameshafika Namuwongo.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Mapaja yaliwaka moto. Mbwa wa jirani, anayenijua tangu akiwa mdogo, alinikimbiza kama hanijui. Mvua ikinyesha udongo mwekundu unakuvuta kama deni.

Lakini sitasema uongo, raha pia ilikuwepo. Nikaanza kulala. Kiu ikapungua. Mama watoto akawa ananishika kiuno cha suruali anasema, "Hizi zote zinataka kupunguzwa. Fundi yuko wapi?" Nikirudi kliniki sista anatabasamu. "Bambi mzee, unafanya vizuri."

Nikajiona mwanaume. Nikaenda soko la mivumba, yaani mitumba kwa nyie wengine, nikachagua raba. Nzuri, soli nene. Ilikuwa na kasoro moja tu, ya kulia imechanika ubavuni, hapo kwenye kidole gumba. Kwa mtu mwingine ni kasoro. Kwangu ni kazi ya kabla ya chai.

Nikaweka kiraka kwa ndani, nikashona na uzi wa jinzi, ule mnene wa nta.

Sikilizeni hapa. Fundi anayejiheshimu haachi fundo nje. Fundo linaingia ndani, nje mteja anaona mshono tu. Suruali, makoti, gauni za harusi, maisha yangu yote nimefunga hivyo. Mkono wenyewe ukaenda, ukafunga fundo ndani, mara tatu, ili lisifunguke. Wala sikufikiri. Sajini aliigeuza ile raba akatafuta pale palipochanika, akakosa. "Hii ni ya dukani," akasema. Nikavimba kichwa.

Siku za kwanza kulikuwa na kitu kinachoma. Nikamwambia.

"Ni kawaida. Boots mpya zote zinauma," akasema. "Kule mafunzo tulilia. Halafu mguu ikiacha kulia, imekuwa askari."

Kweli, haikupita muda, ukaacha. Kimya kabisa. Nikamwambia Sajini, "Afande, mguu umekula kiapo." Tulicheka mpaka tukasimama.

Mtauliza, na lile onyo la sista? Wakuu, mimi nilidhani naufuata. Kuchunga miguu kwangu kulikuwa kuacha kandambili, kuvaa soksi na raba iliyofungwa vizuri. Bafu letu ni giza, macho yangu ni haya, na kuinama kutazama nyayo ni kazi ya watoto. Namwaga maji, nasugua, natoka.

Ikafika asubuhi moja nikapanda kilima chote bila kusimama. Chote! Juu pale unaliona ziwa, jeupe kama shuka iliyoanikwa. Sajini akanipa ishara nianzishe mimi wimbo. Kijana wa darasa la nne, mgeni wa Busia, naimba na sajini mzima ananiitikia. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo.

Raba ilikuwa tayari imelowa kwa ndani. Nilidhani jasho.

Siku chache baadaye nyumba ikaanza kunuka.

Mama watoto akasema ni panya amekufa. Tukasogeza kabati. Tukatoa godoro nje. Nilipiga magoti na tochi chini ya kitanda, natafuta panya. Yeye nyuma yangu ananusa. Anasogea. Ananusa. Halafu akanipokonya tochi, akamulika mguu wangu.

"Baba Wekesa," akasema. "Vua soksi."

Soksi ilitoka na ngozi.

Sitaeleza zaidi, wengine mnakula. Nitasema tu kwamba niliutazama ule mguu kama wa mtu mwingine, kwa sababu haukuwa unauma. Nilikuwa nimepiga magoti juu yake!

Kliniki sista hakutabasamu. Akaomba raba. Akaingiza mkono, akapapasa, akasimama pahali pamoja.

"Mzee, hii ni nini?"

Lilikuwa fundo langu. Lile la mara tatu. Nta na damu vimelifanya gumu kama punje ya mahindi.

"Lakini halikuuma, sista. Liliacha kabisa kuuma."

"Ndiyo sukali hiyo, ssebo. Inaua maumivu kwanza. Mguu inabaki bubu." Akageuka kumtazama mke wangu. "Nani alimwambia akimbie na hii?"

Sista mwenyewe ndiye aliyeniambia nikimbie, na mimi ndiye niliyeshona.

Hospitali kubwa walianza na kidole gumba. Tukashukuru Mungu, tukasema kidole si kitu. Kisha kidonda kikakataa, wakarudi, wakachukua mpaka katikati ya wayo. Shemeji yangu alibeba kilichokatwa kwenye ndoo yenye kifuniko, wakakizika nyuma ya nyumba. Sikuwepo. Nilishona sanda za watu wengi mjini hapa, ya mguu wangu sikushona.

Sasa nakaa kwenye mashine najaribu na wa kushoto. Gurudumu linarudi nyuma, uzi unajikusanya chini kama kiota cha ndege, sindano inavunjika. Mama watoto anasema nitazoea, halafu anatoka nje. Wateja wananisalimia kwa heshima, nguo wanapeleka kwa kijana mwenye mashine ya umeme. Siwalaumu. Hata mimi ningepeleka huko.

Tunaishi na mandazi anayopika yeye.

Nirudi kwa Sajini, nimalize.

Alikuja hospitali mara moja tu. Akasimama mwisho wa kitanda na kofia mkononi, anatazama bandeji. Mtu aliyezika wenzake vitani, wakuu, kofia alikuwa anaizungusha kama usukani.

"Fundi, ni mimi."

"Hapana, afande. Ni fundo langu."

"Nilisema imekuwa askari."

"Na mimi nilicheka na wewe. Kaa chini."

Hakukaa. Akavaa kofia, akaondoka kwa hatua za gwaride, wauguzi wakampisha.

Niliporudi nyumbani nilikuwa naamka mapema kumsikiliza. Amehama njia. Mwanzoni alipita barabara ya chini, nikawa nasikia wimbo kwa mbali. Siku hizi, kukitulia, nasikia hatua tu. Haimbi. Nikituma mtu amwite, mkewe anasema ametoka, na viatu vyake viko mlangoni.

Funzo langu ni dogo. Mwenye sugar akimbie, kukimbia kulinisaidia, sibishi. Lakini kabla hujavaa raba, ingiza mkono ndani upapase, kila siku, hata kama jana ulipapasa. Mguu wako mpe mtu mwingine autazame kwenye mwanga, na usione aibu. Na ukiona uchungu umeondoka wenyewe bila kuaga, usishangilie. Kimbilia hospitali.

Hayo ya mguu nimeyamaliza. Mlio na uzoefu wa viatu vya watu kama mimi, au mashine ya kuendesha kwa mkono, andikeni hapo chini, nasoma zote, polepole.

Lakini zaidi nawauliza nyie mliokuwa jeshini, au mliolelewa na askari. Mtu wa namna hii anaambiwaje ili arudi? Mimi neno la kumwambia nimelikosa. Mguu tumeshauzika. Sajini yu hai, anakaa mtaa wa pili, na kila asubuhi anapita kimya.