Kaburi Chini ya Chumba cha Mama

Mama alivunjika nyonga, na tangu hapo ngazi zikawa adui yake. Anakaa ghorofani kwa kaka yangu, katika mji wa pwani wa Qurayyat, na kila akitaka kushuka hubebwa kwenye kiti na wanaume wawili, mtandio umemwenda upande, macho kayafumba kwa aibu. Alichotaka ni kimoja tu: chumba cha chini chenye mlango wa uani, atoke mwenyewe na fimbo yake akaote jua la asubuhi. Kaka akasema atamjengea. Ua wenyewe mdogo, na pa kujenga ni pale pale karibu na ukuta, mahali pengine hapana.

Jumamosi ya kumwaga zege la msingi kaka akanipigia simu. Hata hakusalimu. "Njoo. Mafundi wamekutana na mifupa. Usimwambie mtu."

Usimwambie mtu! Mie kazi yangu ni mambo ya kale. Serikali inanilipa kuwaambia watu. Nikaendesha gari kutoka kwangu Sib, roho mkononi.

Ndani ya msingi lilikuwapo duara la mawe yaliyopangwa vizuri sana, na katikati yake mtu amelala ubavu, magoti yamekunjwa, mikono karibu na uso. Penye kiwiko palikuwa na pete ya kombe la pwani. Nilijua hata kabla sijainama kwamba huyu ni wa zamani mno, maelfu ya miaka kabla ya Uislamu. Nilifurahi, sikufichi, na papo hapo nikamkumbuka mama. Sheria inajulikana: ukikuta kaburi la kale, unasimamisha ujenzi na unatoa khabari. Wenzangu wa kazini wangekuja, na wakija hawaondoki kesho wala mwezi ujao. Mama, kwa umri wake, angengoja mpaka lini?

"Gari la zege limeshatoka kiwandani Rusayl," kaka akasema.

"Litarudi."

"Lirudi wapi? Zege likishachanganywa linamngoja nani? Mama yako anaozea kule juu!"

Mie nami hasira zangu ziko karibu. "Juzi si wewe uliyetutumia picha za kaburi la Wazapoteki wa kale, kule Meksiko, ukaandika subhanallah na vidole gumba chungu nzima? La Meksiko subhanallah, la kwako zege?"

"Lile haliko chini ya chumba cha mama."

Wallahi alisema kweli.

Kumbe mama alishasikia yote dirishani. Akaita kwa sauti ile ile aliyokuwa akituitia tulipokuwa watoto: "Kaelekea wapi?"

Swali hilo kwetu angeliuliza mtu yeyote. Maiti wetu tunamlaza ubavu wa kulia, uso kibla. Nikamtazama vizuri yule aliyelala shimoni. Uso ulielekea baharini, kibla kiko mgongoni.

"Si kibla, mama."

Akasema ashushwe. Kaka na fundi mmoja wakambeba, na mapajani mwake nikaona kitambaa cheupe kilichokunjwa. Lo! Ilikuwa sanda yake, ile aliyoileta mwenyewe kutoka Makka, akaikosha kwa maji ya Zamzam, akaiweka sandukuni na karafuu maiti, asiruhusu hata mjukuu aiguse.

"Mtoeni taratibu," akasema. "Mkusanyeni humu, mkamzike makaburini kwa heshima. Hata kama dini hakuijua, ni mja wa Mungu. Kisha mwageni zege lenu."

Kaka akashusha pumzi kama aliyepewa fatwa. Dhambi hakuna, chumba kipo. Akaanza kuteremka shimoni. Na khatari yenyewe ilikuwa ndiyo hiyo, wema. Mtu mwenye pupa ningemgombeza nikamaliza, lakini mama na sanda yake? Mifupa ikishazolewa pale, namna alivyolazwa, alichovishwa, nani alimkunja magoti na kwa nini, vyote vimekwenda. Hubaki mfuko wa mifupa tu.

Nikaruka shimoni mbele ya kaka. "Usimguse!"

"Toka."

"Sitoki."

"Unamkatalia mama mbele ya watu?"

Wakati huo huo lori likasimama mlangoni, pipa lake linazunguka, dereva anapiga honi. Nikamwambia mama pale pale nilipo, maana nyuma ya mgongo wake nisingethubutu: "Mama, watu wake walimlaza hivi kwa mapenzi yao, sawa na sisi tunavyolazana kibla. Tukimzoa tunafuta yote waliyomfanyia. Nnataka kupiga simu kazini. Nikipiga, chumba chako kinasimama, na sijui mpaka lini."

Mama akikasirika pua humcheza. Ikacheza.

"Na nikikukataza?"

Nililia tu, mtu mzima mie, simu mkononi, mafundi wananitazama.

"Piga," akasema. "Lakini mie nimekasirika, na usije kunambia nisikasirike."

Nikapiga. Lori likaondoka na zege lake. Kaka akaingia ndani bila kunitazama, na mama akabebwa kurudishwa juu, macho kayafumba.

Wenzangu wamo uani mpaka leo, na brashi zao na chekeche zao, chini ya turubai. Kila Ijumaa nakwenda. Kaka ananiitikia salamu kwa sababu kuitikia ni wajibu. Napanda ngazi, nambusu mama mkono, na kabla sijakaa ananiuliza:

"Mwenzangu wa shimoni keshatoka?"

"Bado, mama."

"Basi na mie bado," anasema, na kugeukia ukutani.