Paulina Hajui Kupika Kidogo

Kibakwe nzima inamjua Paulina. Harusi ikiwa na watu mia nne, anaitwa yeye. Msiba ukiingia, anainjika sufuria machozi yakiwa bado yanamtoka. Kukaa chini ni kazi asiyoiweza, na mtu kutoka kwake na njaa ni aibu ambayo haijawahi kumpata.

Basi aliposikia mdogo wake Mazengo, fundi wa kuchomelea kule mjini Kizota, ana saratani ya utumbo na amebaki mifupa, alifunga safari na kuku wawili na debe zima la unga wa uwele. Akamkuta Evelina, mke wa Mazengo, akimpa mumewe uji kwenye kikombe cha kahawa.

"Wifi, ndicho chakula cha mwanaume hicho?"

"Nesi kasema kidogo kidogo, kila baada ya masaa mawili. Uji una karanga na mafuta ya alizeti. Akiona sinia limejaa, hamu yote inakwisha."

Moyoni Paulina alishahukumu: ndugu yake ananyimwa. Na Jumatatu Mazengo alitakiwa kwenda kupimwa uzito kliniki. Ukishuka tena, dripu ya dawa ya saratani ingeahirishwa, nayo ilishaahirishwa mara moja.

Mchana akamrundikia mlima wa ugali, mlenda, na kuku mzima. Akasimama mlangoni na mwiko wake akihesabu matonge. "Kula, baba. Ongeza." Mazengo angemkataliaje dada aliyemlea? Alikula matonge sita. Yote sita akayatapika, pamoja na uji wa asubuhi.

"Umeona?" Evelina alisema kwa hasira akipangusa sakafu. "Hata mimi nilimlazimisha. Nikadhani ni kiburi, tukagombana. Nesi ndiye aliyeniambia ugonjwa wenyewe unaua hamu, tena unakula mwili hata mtu akila. Si yeye, wifi. Wala si mimi."

Paulina akazunguka ua. Akafagia palipofagiwa, akasugua sufuria safi. Aliogopa, hilo tuliseme wazi. Maisha yake yote hakuwahi kukutana na shida ambayo chakula hakikuipunguza hata nusu.

Jioni Mazengo akamwita. "Dada, ukinisimamia hivyo, koo linaziba. Kaa, ule na wewe. Tuongee mengine."

Akakaa. Evelina akawaletea vikombe viwili vya uji. Wakaongea habari za paa la kanisa, na mbuzi wa jirani aliyekula kitenge cha mke wa mchungaji. Macho ya Paulina yalikimbilia kikombe cha mdogo wake, yeye akiyarudisha kwa nguvu. Akamsikia akimeza. Mazengo akameza tena. Baada ya kumeza mara ya tano, akakiweka kikombe chini, kingali na uji nusu.

Paulina alifungua mdomo aseme 'ongeza', akaufunga. Ilimuuma kuliko kilio.

"Na huyo mbuzi," akasema, "walimfunga wapi?"