Cherehani Bandani

Nyumbani kwetu kuna mafundi wawili, na kwa hiyo hakuna kiti kizima wala shati lenye vifungo vyote. Mganga hajigangi. Baba ni seremala, mama ni mshonaji, na mimi binti yao ndiye ninayekalia kiti cha miguu mitatu na nusu.

Mwaka jana baba alipata kiharusi. Mdomo ulipona upesi (ule hata ungechelewa kidogo tusingelalamika), lakini mkono wa kulia ulibaki mlegevu. Miezi ikapita hajagusa randa. Kisha mama akanunua vifaranga, akawaweka kwenye boksi chini ya meza yake ya cherehani, karibu na taa ya kuwapa joto, na baba akatangaza kwamba banda atalijenga yeye. Tulipotaka kumshikia mbao akatufukuza. Alipigilia misumari kwa mkono wa kushoto, mingi ikapinda, na mlango ukakaa upande kama kofia ya mlevi. Lakini lilikuwa banda, na alilizunguka akilitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu augue.

Vifaranga walipoota manyoya, ikafika jioni ya kuwahamisha. Baba alisimama mlangoni mwa banda na kopo la pumba, akawaita. Wakampita mbio, wakakatiza uani, wakaingia chumbani na kujikunyata chini ya cherehani. Tukawabeba mmoja mmoja, tukawatia bandani. Jioni iliyofuata wakarudi kulekule.

"Mazoea yana taabu," mama akasema. "Wamekua wakisikia cherehani. Kwao ndiyo mama."

"Hata kuku wanaijua kazi mbovu," baba akajibu. "Mwambie fundi mwenzangu aje mwisho wa mwezi achukue sanduku la vifaa. Randa, patasi, misumeno, vyote. Mimi basi."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Baba asipofoka, ujue mambo yameharibika.

Asubuhi mama alibeba cherehani yake ya mkono, akainama, akaingia nayo bandani na kujifungia humo pamoja na wanawe. Kutwa nzima tukaisikia ikilia.

"Kuku hafunzwi kwa kuitwa," aliniambia kupitia kwenye wavu. "Mfungie mahali siku kadhaa, ale hapo, alale hapo. Ukija kumfungulia, hapo ndipo kwao."

Baada ya siku hizo akaanza kuwatoa alasiri, yeye akibaki ndani anashona kwenye mwanga wa taa, pumba ikiwa tayari. Giza likikaribia, wanafuata taa na mlio. Wateja nao wakamfuata humohumo. Mwalimu mmoja alipimwa kiuno akiwa amejikunja, akatoka na manyoya kichwani, akauliza kama ndiyo mtindo mpya.

Siku moja mama akagonga kichwa kwenye boriti.

"Baba watoto, paa lako linanipiga!"

Baba akanung'unika, akaleta msumeno. Mara mama akakosa pa kuweka cherehani, baba akamtengenezea meza. Mara akawa haoni tundu la sindano, baba akatoboa dirisha. Dirisha lile lilikuwa limenyooka. Nikamtazama mama, naye akajitia kutafuta uzi.

Mwisho wa mwezi ulipofika, mama aliirudisha cherehani ndani na kuiacha kimya. Jioni tukasimama uani wote watatu. Kuku mmoja akaja hadi kwenye kizingiti cha nyumba, akachungulia ndani. Baba akashika ukuta. Nilimsikia anavyohema. Yule kuku akageuka, akaenda zake bandani, akarukia ufito wa kulalia. Wenzake wakafuata, wakisukumana mlangoni. Baba akaenda kufunga kwa mkono wa kulia, polepole, na nilipotaka kumsaidia akanitolea macho.

"Hodi!" Fundi mwenzake alikuwa ameingia uani. "Shemeji, hamjambo? Nimefuata lile sanduku."

Baba akamtazama kama mtu aliyeombwa mguu wake.

"Sanduku nalitumia," akasema. "Lakini maadamu umekuja, njoo kesho unishikie ubao. Huu mlango umekaa upande, na peke yangu siwezi kuunyoosha."

Peke yangu siwezi. Maneno hayo sikuwahi kumsikia baba akiyatamka, mzima wala mgonjwa. Mama akalia palepale uani, kwa sauti, bila kujificha, mpaka baba akamwambia apunguze, kuku wamelala.