Stovu Iliyotaka Kupashwa Kwanza

Kule Lunyo nilikoolewa, mke kijana hawashi moto wake mpaka mama mkwe amwekee mafiga. Kabla ya hapo anapika jikoni kwa mama mkwe, na mimi nilipika humo na mtoto mgongoni, akikohoa moshi mpaka macho yanamtoka. Hasira niliyokuwa nayo ingeivisha maharage bila kuni.

Mume wangu, aliyefanya kazi ya reli Tororo, akaniletea stovu ya pampu. Nikatangaza kwamba stovu si moto, ni chombo. Nina sekondari, najua. Kwa kuwa ndani ingehesabiwa jiko, nikaiweka barazani kwangu, kwenye upepo wote wa Lunyo.

Stovu ile, kabla haijawaka, kichwa chake hupashwa kwa spiriti ili mafuta ya taa yageuke mvuke.

"Moto napashwa moto?" mama mkwe akauliza. "Kesho utaogesha maji."

Upepo ukabeba joto lote, spiriti ikakaribia kuisha. Nikaamua kubana: nikatia matone tu, nikapiga pampu kwa nguvu za mwenye haki. Kichwa kilikuwa bado baridi. Mafuta yakaruka mabichi, yakashika moto, yakala nyusi zangu. Uji wa mtoto ukanuka mafuta ya taa.

"Msomi, chombo yako nakunyoa?"

Nilikata mkebe wa samli kwa panga, nikazungushia kile kichwa ukuta wa bati. Joto likakaa. Kwa spiriti kidogo tu stovu ikanguruma, mtoto akanywa uji bila kukohoa. Nami, kwa kuwa ujinga wangu haukuwa na likizo, nikamwita mama mkwe aje ashangae.

Akalizunguka bati. "Wewe nasema si moto. Lakini umejengea ukuta. Kitu ya kujengewa ni jiko. Umejiwekea jiko na mimi niko hai."

Akaondoka. Nikaanza kukunja nguo za mtoto, nikijua narudishwa kwetu.

Jioni akaja na mafiga matatu kwenye karai, uso ameukunja. "Naweka haraka, kabla majirani hawajauliza nani alikuwekea jiko."

Akayapanga ndani mwangu, akawasha kuni kwa mkono wake, kama desturi inavyotaka. Moshi ukajaa, tukakohoa sote watatu.

"Sasa leta hiyo kelele yako," akasema, akifuta machozi. "Mtoto asife na moshi."

Ndani hakukuwa na upepo hata kidogo. Bati langu halikuwa na kazi tena. Akaenda nalo kuzungushia mche wake wa papai, mbuzi wasiule.