Barua Niliyoisoma kwa Sauti Nzuri

Wino wa dugsi, chuo chetu cha Kurani, ulinukia mkaa na utomvu wa mgunga. Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule ya serikali, tuliukoroga kwenye kikopo kwa maji kidogo, tukachovya kijiti na kuandika aya kwenye loox, ubao wa mti ambao kila mtoto wa mtaa wetu pale Garissa alikuwa nao. Tulisoma kwa kughani, miili ikiyumba mbele na nyuma, mpaka aya ikatulia kichwani. Kisha ubao ukaoshwa na aya nyingine ikaandikwa. Hakuna aliyetuuliza maana. Maana, alisema maalimu wetu, ingekuja na umri, na maneno yale matukufu yalikuwa na baraka zake hata kwa asiyeyaelewa. Sina ugomvi na mafunzo hayo, kwani hadi leo ndiyo yanayonituliza moyo. Kosa lilikuwa letu sisi watoto, tulipoichukua njia ileile tukaingia nayo katika darasa la Kiingereza, ambako maneno hayana baraka yoyote mpaka yaeleweke.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa darasa la nne. Kitabu cha kusoma kilikuwa kimoja kwa watoto sita. Tulikizunguka kama sinia ya wali, na kwa kuwa nafasi yangu ilikuwa ng'ambo ya dawati, nilijifunza kusoma Kiingereza kichwa chini miguu juu, na nikaweza. Mara mbili kwa wiki Mwalimu Mutiso, mtu wa Kitui aliyeletwa kwetu na serikali na kuchomwa na jua letu bila kulalamika, alileta redio iliyofungwa kwa mpira, akaanika betri zake dirishani zipate joto, nasi tukasikiliza kipindi cha shule. Mwanamke mmoja alisoma hadithi kwa sauti laini, akipanda na kushuka. Niliikamata sauti ile yote, pumzi zake, hata namna alivyosita kabla ya neno la mwisho. Kufikia muhula wa pili niliweza kusoma ukurasa wowote kwa sauti ya mwanamke wa redio, na sikujua hata robo ya nilichokisoma. Mwalimu, mwenye watoto sabini mbele yake, alisikia sauti akaridhika. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji; kwetu tembo haligemwi, lakini maji niliyatia.

Mwaka huohuo mama alijifungua ndugu yangu wa mwisho, na mdogo wake, Habaryar Shamsa, akaja kumuuguza siku arobaini za uzazi. Habaryar ndivyo tumwitavyo mama mdogo. Alikuwa ametoroka vita vya Somalia na kuishi katika kambi za wakimbizi za Dadaab, akaja kwetu na wanawe wawili, Sahra na Liban, na kicheko kilichoanza kusikika kabla hajafika mlangoni. Nyumba ilijaa harufu ya ubani na samli, na kila alasiri wanawake wa mtaa walikuja kukaa mkekani, wakinywa chai ya maziwa ya ngamia na kumchambua kila aliyepita njiani. Ni katika alasiri moja ya namna hiyo jirani wa Shamsa wa kule kambini aliteremka kwenye basi na kuleta bahasha ya kahawia. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja, imepigwa chapa kwa Kiingereza.

"Mwiteni Nasra," mama alisema kutoka kitandani. "Tuna msomaji ndani ya nyumba, mnahangaika nini?"

Kwetu barua haikuwa siri ya mtu mmoja. Ilisomwa mbele ya watu, kama ujumbe uliobebwa na mpanda ngamia, na msomaji alipewa chai kwanza. Nikapewa chai. Nikasimama, nikaisoma ile karatasi kutoka juu hadi chini, kwa sauti ya mwanamke wa redio, nikisita kabla ya neno la mwisho. Walipiga vigelegele. Bi Dahabo, jirani yetu asiyekosa neno, alipiga paja lake: "Wallahi, huyu amezaliwa Ulaya, mama yake anatuficha!"

Shamsa hakucheka. "Maana yake, abaayo, dada yangu?"

Niliitazama karatasi. Niliona jina lake, neno la watoto, neno la ofisi. Niliona tarakimu nyingi, na tarehe mbili, ambazo nilidhani zote ni za siku ya kuandika, kama tulivyoandika tarehe juu ya madaftari yetu kila asubuhi. Yaliyobaki yalikuwa sauti tupu. Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe ni fupi, lakini chai ilikuwa bado ya moto mkononi mwangu, na macho yote yalinielekea.

"Wanasema jina lako wameshalipokea," nilisema. "Wewe na watoto. Wanasema mngoje, mtaitwa."

"Alhamdulillah," wanawake wakaitikia. Shamsa akaikunja barua mara nne, akaitia ndani ya sanduku lake.

Usiku na mchana ile karatasi ilizungumza nami kwa sauti ya redio. Mwishowe, Shamsa alipokuwa akifua nguo za mtoto, niliitoa sandukuni nikainakili herufi kwa herufi, na Alhamisi nikampelekea Mwalimu Mutiso daftari langu. Alisoma kimya, midomo ikicheza.

"Huyu Shamsa ni nani wako?"

"Mama mdogo, Mwalimu."

"Basi kimbia umwambie leo hii. Jumatatu saa mbili asubuhi awe ofisini kambini, yeye na watoto wote wawili, kwa mahojiano ya kupelekwa ng'ambo. Asipofika, nafasi anapewa mwingine." Akanitazama. "Kwani nyumbani hamkuisoma?"

"Hatukuisoma," nikasema. Ulikuwa uongo wa pili, nao ulitoka kwa urahisi zaidi.

Nilikimbia kweli. Lakini nilipoingia, wanawake walikuwa mkekani kama kawaida, na Bi Dahabo alikuwa na chupa ya dawa ya kifua. "Naa Nasra, njoo! Mwambie mama mkwe wangu hii chupa inasema nini, maana haamini mtoto wa kike anaweza." Mama alikuwa ameinua shingo, uso wake ukiwaka fahari ambayo sikuwahi kuiona kabla ya hapo. Nikaisoma chupa. Wakapiga vigelegele. Shamsa alinibusu kipaji cha uso, mikono yake ikinukia sabuni, nami nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo hadi jua lilipotua.

Ijumaa sikusema. Jumamosi sikusema. Mficha uchi hazai, wanasema watu wa pwani, nami nilikuwa nimeuficha wangu kwa nguo ya mtu mwingine. Jumapili baada ya swala ya alasiri nilimwendea Shamsa, nikamwambia kwamba nimemkuta Mwalimu sokoni na amenieleza kuwa nilikosea kidogo, kwamba anatakiwa ofisini kambini kesho asubuhi na watoto. Hakupiga kelele. Aliuliza saa, akaanza kufunga nguo za watoto kwenye leso. Lakini barabara ya Dadaab siku hizo ilikuwa na majambazi, na magari yalisafiri kwa msafara mmoja wa asubuhi, mbele na nyuma askari. Msafara wa Jumapili ulikuwa umekwisha kuondoka. Wa Jumatatu uliwafikisha kambini baada ya adhuhuri. Karani aliyekuwa akifunga dirisha alimwambia wameitwa mara tatu.

Familia iliyoingizwa badala yao iliondoka mwaka uliofuata. Shamsa aliambiwa angoje tena, na amengoja hadi leo. Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa. Yangu imechukua miaka yote hii, na watu watatu wametembea juu yake bila kujua nani aliichora. Liban alikufa kwa homa akiwa kijana. Sahra aliolewa kambini na akazaa kambini.

Nilisoma hadi chuo, na sasa kazi yangu ni kutengeneza masomo ya mtandaoni kwa watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza. Mtoto wa Takaba au Rhamu, kule kaskazini kabisa, mwenye simu ya mzazi wake hukuta hadithi fupi, na akigusa neno husikia linavyotamkwa, tena hupewa maana kwa Kisomali na Kiswahili. Hakuna tena kitabu kimoja kwa watoto sita. Kila baada ya aya nimeweka swali, kwa maana nawajua watoto wenye sauti nzuri. Hata hivyo, nimewaona wakibonyeza majibu yote kwa zamu mpaka alama ya kijani itokee, wakapigiwa makofi na mashine. Mitego imebadilika sura tu.

Mwezi uliopita nilikwenda kambini kumwona Shamsa. Mjukuu wake, bintiye Sahra, alitaka kunionyesha anavyosoma kwenye simu. Alisoma hadithi niliyoiandika mimi mwenyewe, kwa sauti safi, na bibi yake akafumba macho kusikiliza.

"Maana yake?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema yule mtoto, akakuna mguu. "Nieleze basi."

Shamsa akacheka kicheko chake kilekile. "Huyu si kama wewe, Nasra. Wewe ulikuwa unajua kila kitu."

Alisema kwa mapenzi, bila kisu ndani yake, na ndiyo sababu maneno yake yalinichoma. Nilimwangalia mtoto aliyetamka bila jasho neno nililolikosa nikiwa na umri wake. Nikasema, "Habaryar, nilijua tangu Alhamisi."

"Alhamisi ipi?" akauliza.

Nikamwambia mtoto azime simu, akae karibu nasi asikie, kisha nikaanza kueleza, polepole, kwa lugha ambayo sote watatu tulielewa.