Siku Niliyomtoa Pilipili Nikiwa Usingizini

Haya, chekeni kwanza mmalize, ndio nianze. Najua mmeiona ile video, kuanzia Malaba mpaka Adungosi nani hajaiona, mzee mzima na koti lake la harusi, mrija mdomoni, mate yanatiririka mpaka kwa tai, na ndiyo, yule ni mimi, na aibu niliipata, sikatai. Lakini hilo neno mlevi mlirudishe mlikolitoa, kwa sababu siku ile mimi sikulewa. Nilikuwa nimemeza dawa.

Mnajua kichwa changu. Nafunga maturubai ya malori pale Malaba tangu ujana, jua langu, moshi wangu, honi zangu, na kichwa kikianza upande huu wa kushoto kinapiga mpaka natapika na sitaki kuona mwanga. Nilikuwa natafuna vidonge vya dukani kama njugu, asubuhi na jioni, mpaka daktari (kijana mdogo, lakini mkali!) akaniambia ati nikivimeza kila siku, vyenyewe ndivyo vinaniletea kichwa. Nilimwangalia hivi. Akanipa vingine.

“Mzee, hii si ya kutuliza, ni ya kuzuia,” akasema. “Unameza moja kila usiku ukienda kulala, maana inaleta usingizi, hata kama kichwa hakiumi. Na pombe uache.”

Nikatii, na kweli kichwa kikatulia, mpaka mke wangu akaanza kuniuliza kama mimi ni yule yule. Shida ni ile asubuhi tuliyokuwa tunaenda Adungosi kumposea Ekisa, mtoto wa marehemu ndugu yangu, na msemaji wa ukoo ni nani kama si mimi? Nikawaza, je, kichwa kikinishika katikati ya maneno? Na kama moja ya usiku inazuia, si mbili za asubuhi zitazuia zaidi? (Msinitazame hivyo, na nyinyi mngefanya vile vile.) Nikameza mbili na chai.

Kufika, tumewekewa chungu cha pombe ya ajono katikati, maji moto yamemwagwa, mirija mirefu imesimama, na msemaji akikataa mrija wa wakwe ni kama amewatukana. Daktari alisema pombe. Ajono ni unga wa wimbi, na wimbi ni chakula, hivyo ndivyo nilivyojiambia, nikavuta.

Nilianza vizuri, ulizeni aliyekuwepo! Nimesalimia, nimesifu boma, nimewachekesha akina mama, halafu Mzee Osuru, msemaji wao, akashika zamu na sauti yake ile ya polepole, na hapo ndipo naona giza. Yaliyofuata nimeyaona kwa simu kama nyinyi. Mzee Osuru anasema, “Tumesikia bwana msemaji ana ng'ombe wa madoa, anaitwa Pilipili, maziwa yake yanashinda ndoo. Huyo naye atakuja kwetu?” Na kichwa changu, mrija ungali mdomoni, kinashuka taratibu mpaka kifuani.

“Amekubali!” mtu wa upande wao akapaza sauti.

Vigelegele vikaniamsha. Watu wote wananitazama mimi, wanapiga makofi, na sijui nimeulizwa nini, sasa mngetaka nifanyeje, niulize? Msemaji haulizi. Nikasimama, nikafuta mdomo, nikasema kwa sauti kubwa, “Kama nilivyosema! Nimesema na sirudi nyuma!” Vigelegele tena. Hata mimi nikacheza kidogo.

Njiani Ekisa ndiye aliyeniambia, tena kwa kunong'ona. “Baba mdogo, umemtoa Pilipili.”

Jamani! Pilipili ndiye anatulisha. Mke wangu, Mama Amoit, amemkamua tangu uzao wa kwanza, na maziwa yake ndiyo yaliyosomesha wasichana wetu. Kesho yake nikarudi kwa Mzee Osuru, nikavua kofia, nikamweleza yote, kidonge cha usiku nilichokimeza asubuhi, usingizi, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Sawa, boss,” akasema. “Kama ulikuwa umelala, basi hakuna kilichosemwa. Hata msichana hatujampeana. Tutawaita tukiwa tayari.”

Nikarudi nyumbani. Ekisa alikuwa amekaa mlangoni ananingoja, na alipoona uso wangu aliinama tu akaanza kufunga viatu ambavyo vilikuwa vimefungwa. Huyo mtoto hana baba, ana mimi. Moyo uliniuma, wacha niseme ukweli. Mama Amoit naye alikuwa anatutazama akiwa na ndoo mkononi, tupu.

“Mpeleke,” akasema. “Mpeleke wewe mwenyewe, kwa mguu, mchana, watu wakuone.”

Ilikuwa adhabu, nilijua. Basi nikavaa koti lile lile la video. Nikamfunga Pilipili kamba, tukashika barabara jua likiwa la utosi, na vijana wa bodaboda wakaanza, “Mzee wa mrija! Amka, mzee!” Nikawajibu, “Niko macho, mtoto wangu anaoa! Wewe wako yuko wapi?” Nilitembea na ng'ombe wangu mpaka Adungosi, vumbi, kelele na jua lote lile, na kichwa hakikuuma hata kidogo. Mzee Osuru aliipokea kamba kwa mikono miwili.

Ekisa ameoa. Mke wake huja na maziwa ya Pilipili kila akitutembelea, na Mama Amoit huyapokea bila kuniangalia. Dawa yangu siachi, nasema mbele yenu wote, naimeza ile moja yangu usiku, na chungu nakipita mbali, iwe chakula au isiwe.

Na posa bado nasema, mkitaka niiteni hata kesho. Ila siku hizi nasema nikiwa nimesimama. Aliyesimama akishikwa na usingizi ataanguka, na kila mtu ataona kwamba hajakubali kitu.