Usukani Unaobisha

Fundi kompyuta wa Ukonga hashiki usukani wa ndege ya mazoezi ya kwenye kompyuta kabla hajafuta viganja kwenye suruali, hata vikiwa vikavu. Leo ameunganisha programu inayoufanya usukani ushindane na mkono, kama ndege ya kweli. Adelina, mwenye chumba cha mafunzo, kasimama nyuma yake.

"Ulegeze, fundi, wanafunzi watachoka."

"Mie siulegezi, dada. Waache wachoke," anajibu kwa sauti ileile anayobembelezea mashine, kisha anabofya. Kwenye skrini ndege inaingia kwenye wingu zito. Usukani unatetemeka, unamvuta mpaka bega. "Umeona unavyobisha?" anacheka. Adelina anautazama mkono wa kushoto wa fundi: unapapasa kiunoni, unatafuta mkanda ambao kiti kile cha plastiki hakina.

"Basi," anasema Adelina, "usiulegeze."